Wa Nyuma Hasemi

Sheria ya kambi ile haikujali wewe ni mtoto wa nani: simu inabaki getini. Huwaida aliijua tangu enzi za uanafunzi wake, enzi za kuja na viatu vya kuazima na penseli aliyoichomeka ndani ya mtandio. Lakini asubuhi ile alisimama mbele ya dirisha la walinzi ameishikilia simu kwa mikono miwili, hataki kuiachia. Alasiri ya siku hiyohiyo baba yake, Mzee Marhun, alikuwa anangoja jibu lake. Binamu yake Hisham alikuwa ameleta posa kutoka Maskati, na shangazi yake Ghadir alikuwa amekwisha kupiga simu mara chungu nzima tangu alfajiri, kuuliza kama dera la kijani limepigwa pasi.

"Mtaalamu, simu," alisema koplo wa zamu kwa sauti nzito. Alikuwa mwanamke wa Masasi, jina lake Benedikta, na mikono yake ilijaza dirisha zima. "Haitaumwa humu. Nina sanduku, nina kufuli, na mwenyewe nipo."

"Kuna watu wa nyumbani watanipigia, afande."

"Watapiga, italia, itachoka. Ikichoka italala."

Huwaida alicheka bila kupenda, akaitoa.

"Na vishikwambi vyangu?"

"Hivyo vina kibali. Vina kibali kuliko mimi." Benedikta alivihesabu, akavirudisha kwenye begi lake. "Nitawasindikiza mwenyewe mpaka ndani. Adhuhuri kuna mazoezi ya shabaha, bendera nyekundu inapanda, na ikipanda hakuna kutoka wala kuingia. Kwa hiyo tuwahi. Msaidizi wako yule pale, anafunga viatu."

Huwaida aligeuka. Pale kwenye jiwe lililopakwa chokaa, kando ya barabara inayokwenda Horohoro, palikuwa na mwanamume ameinama, anafunga kamba za buti. Shingo ile aliijua kabla hajauona uso. Mimi nakwambia, kuna vitu moyo hauhitaji kuonyeshwa mara mbili. Aliiomba ofisi impe mtu mmoja anayeijua njia ya msituni, hakuuliza jina, na sasa jina lilikuwa linanyanyuka kutoka kwenye jiwe, linafuta mikono kwenye suruali, linamtazama.

"Bi Huwaida," alisema Safari. "Habari za asubuhi."

Bi Huwaida. Zamani alimwita Chiriku, kwa sababu ya maneno yake yasiyokwisha, na alipoliita jina hilo askari wote getini waligeuka kuangalia ndege gani amepita. Leo alikuwa Bi, kama mke wa mwalimu mkuu.

"Njema," alisema. "Sikujua umerudi Tanga."

"Nimerudi na kusi. Mimi na ndege."

Basi wakaingia. Benedikta mbele na bunduki yake, Safari akifuata, Huwaida nyuma na begi la vishikwambi, na moyo wake ukimwenda mbio hata akaona aibu mbele ya miti.

Ndege waliyemfuata anaitwa mkesha wa madoa. Ni mdogo wa kutosha kiganjani, kifua cheupe chenye matone meusi, na kazi yake kutwa ni kupekua majani makavu chini ya miti akitafuta wadudu. Huja pwani msimu wa kusi na kuondoka upepo ukigeuka, na duniani wamebaki wachache mno. Msitu ule ulipona kwa sababu ni ardhi ya jeshi. Wakata mkaa waliogopa risasi, ndege wakapata pa kukaa. Sasa kambi ilitaka kujua ndege wanapenda sehemu zipi, ili mazoezi na njia za kuzuia moto zipelekwe kwingine. Kwa miaka mingi walihesabiwa kwa penseli na kadi za karatasi. Mwaka huu Huwaida alikuwa ameleta chombo alichokitengeneza mwenyewe: fomu ndani ya kishikwambi, isiyohitaji mtandao, isiyopiga picha, na isiyoandika mahali halisi bali eneo pana tu kwenye ramani, maana wenye ardhi hawakutaka siri zao zitembee.

Walipofika mwanzo wa njia, pale utepe wa bluu ulipofungwa kwenye mti, alimpa Safari kishikwambi kimoja.

"Gusa hapa uanze. Umemwona au umemsikia. Halafu wangapi. Halafu walikuwa wanafanya nini."

Safari alikipokea kwa vidole vya tahadhari, akasoma taratibu. Huwaida alimtazama akisoma. Alikuwa amekonda kidogo, na kidevuni zilikuwa zimeota mvi chache ambazo hakupata kuwepo wakati zinaota. Hilo lilimuuma kuliko alivyotegemea.

"Hili swali," Safari alisema, akaligusa. "'Uliona nini kwanza, ndege au jani likigeuka?' Nani kaliweka?"

"Mimi."

"Na huko ofisini wakakubali?"

"Niliwaambia ni utaalamu."

Safari hakucheka, lakini macho yake yalikaa kwenye lile swali muda mrefu kuliko lilivyostahili. Na Huwaida alijua anakumbuka nini, maana naye alikuwa anakumbuka hichohicho: asubuhi ya kwanza kabisa, miaka sita nyuma, msitu umelowa, yeye anakodoa macho mpaka yanatoa machozi na haoni kitu. Safari alichuchumaa kando yake akamwambia kwa sauti ya chini, usimtafute ndege, tafuta jani linalojigeuza lenyewe. Akalitafuta jani. Likageuka moja, likageuka la pili, na nyuma ya majani akatokea yule mdogo mwenye kifua cha madoa, anamwangalia kama mtu aliyekatizwa chakula. Huwaida alipiga ukelele wa furaha, ndege akaruka zake, na Safari akasema, haya, Chiriku umewafukuza wenzio.

Msimu ule wote walitembea pamoja. Chai ya tangawizi walibeba kwenye chupa kutoka Nguvumali, mikate ya mofa wakaifunga ndani ya kanga, kadi za kuhesabia wakazitia kwenye mfuko wa unga zisilowe. Penseli ikikatika Safari aliichonga kwa kisu huku akisikiliza habari zisizo na mwisho za Huwaida kuhusu mtaa wao wa Chumbageni, nani kaoa, nani kaachwa, paka gani kazaa juu ya kabati la nani. Yeye hakuwa msemaji. Alikuwa anasikiliza kwa mwili mzima, na mwanamke akishasikilizwa hivyo, wallahi, hawezi tena kuzoea kusikilizwa nusunusu.

"Tunafuata utaratibu wa zamani?" Safari aliuliza.

"Uleule. Wa mbele hutamka. Wa nyuma hasemi."

Benedikta aliyekuwa anajipepea kwa kofia alitaka kueleweshwa, na Huwaida akamweleza. Watu wawili hupita njia moja, mmoja mbele, mmoja nyuma. Wa mbele akimwona ndege humtaja kwa sauti ndogo na kumwandika. Wa nyuma anaandika wale tu ambao mwenzake amewakosa, na hata akimwona amesimama mbele ya pua ya mwenzie haruhusiwi kumwambia. Mwisho wa njia ndipo hufungua mdomo. Hapo hesabu za wote wawili huunganishwa, na hujulikana ni ndege wangapi macho ya binadamu huwapita.

"Mimi nisingeweza," alisema Benedikta. "Nione kitu ninyamaze mpaka mwisho wa njia? Ningepasuka."

"Hata huyu alikuwa anapasuka," alisema Safari, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ililegea.

Wakaanza. Safari mbele, hatua za polepole, mikono nyuma. Huwaida akaacha nafasi, akafuata, Benedikta ubavuni mwake. Majani yalikuwa bado na maji ya masika, harufu yake ileile ya zamani, ya udongo na magome na kitu kitamukitamu ambacho hakupata kukijua jina. Ndani ya mji alikuwa ameisahau. Sasa ilimwingia puani ikamrudishia kila kitu kwa pamoja.

"Mmoja, kulia, chini ya mkole," Safari alinong'ona, akagusa kioo.

Wakaenda. Kisha Huwaida akaona jani linageuka. Lilikuwa kushoto, hatua chache tu kutoka kwenye buti la Safari, na mkesha alikuwa peupe kabisa, anarusha majani. Safari akapita. Huwaida alishangaa. Mtu huyu alikuwa anaona ndege hata akiwa anapiga miayo. Akagusa kioo chake, akanyamaza.

Mbele kidogo Safari akamkosa mwingine. Halafu akawakosa wawili waliokuwa wanafukuzana, jambo ambalo hata Benedikta aliliona, akamgeukia Huwaida kwa macho ya kutaka kupasuka. Huwaida akatikisa kichwa. Ndipo akautazama vizuri mgongo ule uliokuwa mbele yake, akaona kichwa kimeinamia upande kidogo, sikio limeelekea nyuma. Safari alikuwa hatafuti majani. Alikuwa anasikiliza miguu yake.

Mwisho wa njia palikuwa na boriti la zege lililoanguka, la vibao vya shabaha vya zamani. Zamani ndipo walipokuwa wanakunywa chai. Safari alilifuta kwa kiganja upande mmoja, kama alivyokuwa akilifuta zamani, kisha akakumbuka hali yao akasimama pembeni. Benedikta alikwenda kukaa juu ya kisiki, si mbali sana, akawa anatazama juu ya miti kwa bidii ya mtu ambaye masikio yake yako kazini.

"Haya," alisema Safari. "Mwisho wa njia. Wa nyuma aseme."

"Umekosa wengi kuliko uliowaona."

"Nilijua."

"Macho yako yalikuwa wapi?"

"Yalikuwa nyuma," alisema Safari. Hakupamba, hakutabasamu. Aliisema kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa, na Huwaida akahisi joto linampanda kutoka shingoni.

Alikaa kwenye zege. Alikuwa amejiapiza hatauliza. Alijiapiza getini, akajiapiza njiani. Lakini kusema kweli, kiapo cha mwanamke anayempenda mtu hakikai mpaka adhuhuri.

"Mjomba wako Uweso alipokuja kwetu na posa, mbona hamkurudi?"

"Kurudi kufanya nini?"

"Kuchukua jibu, Safari. Watu wakileta posa, hurudi. Nilikaa nyuma ya lile pazia la ukumbini Ijumaa hadi Ijumaa. Kila mlango ukibishwa navaa baibui. Hamkuja. Baba hakusema kitu, nami ningemuulizaje? Nikajua mmebadili nia, mmeona nyumba kubwa, mahari kubwa, binti mwenye maneno mengi."

Safari alimtazama kama mtu aliyesomewa habari ya mtu mwingine.

"Jibu tulipewa siku ileile," alisema taratibu. "Baba yako alitoka akamwambia mjomba, binti bado anasoma."

"Nilikuwa nimeshamaliza kusoma."

"Ndio maana tulielewa."

Ndege fulani alilia juu yao, akanyamaza. Benedikta hakugeuza shingo.

"Mjomba alinieleza yote," Safari aliendelea. "Mzee aliingia ndani kukuuliza, akakaa, akatoka uso umemshuka. Kabla ya hilo la kusoma akasema, nimemuuliza mara mbili, mtoto wangu hajatamka neno. Huwaida. Hajatamka neno. Mjomba alinirudia akaniambia, mwanangu, yule msichana hata muuza maji akipita anamwambia la kumwambia. Akikosa la kusema juu yako, basi hakutaki, anaona haya kukuumiza."

Huwaida alifumba macho.

"Safari. Kwenu kule, mwali akiulizwa mbele ya wazee, akainamisha kichwa akanyamaza, amesemaje?"

"Amekubali."

"Na kwetu ni hivyohivyo. Bibi yangu alinifunda usiku kucha. Ukiulizwa usiropoke. Usimtie baba yako aibu. Inama, nyamaza, watajua. Nami nikasema, kwa siku hii moja nitakuwa kama wanawali wengine. Nilinyamaza kwa furaha, mtu wewe. Nilibana meno mpaka taya zikauma."

Safari alikaa. Hakukaa vizuri, alijibwaga, upande wa pili wa zege, akayatazama mabuti yake. Nyumba nzima ile, wazee wenye ndevu zao na tasbihi zao, walikuwa wanaijua mila. Lakini walimjua Huwaida zaidi ya walivyoijua mila, na kwa kumjua kwao wakamwelewa vibaya. Lau angekuwa mtoto mpole, leo angekuwa na watoto wawili wanaokwenda madrasa.

"Nilikupigia," alisema Huwaida. "Mara moja tu. Hukupokea."

"Nilikuwa humu ndani. Simu iko getini. Niliiona jioni." Sauti yake ilipungua. "Niliishika mpaka giza likaingia. Nikasema, anataka kunipa pole. Nikaona ningeweza kuvumilia kila kitu, lakini si kusikia wewe unanipa pole. Siku ya pili nikapanda basi la Lindi."

"Nilikupigia nikuulize mbona hamji."

"Sikujua."

"Hukutaka kujua."

"Niliogopa," alisema Safari. "Nakwambia ilivyokuwa. Niliogopa, na nilipoacha kuogopa nikaona nimechelewa."

Huwaida alitaka kumkasirikia, akaikuta hasira haipo, imekaliwa na huzuni. Alitazama mikono ya Safari juu ya kishikwambi. Kilikuwa na kovu dogo kile kidole cha shahada, la kisu cha kuchongea penseli. Alikuwepo siku ile. Alikifunga kwa kipande cha kanga yake, akakisema kidole hicho mpaka damu ikakata.

"Binamu yangu Hisham ameleta posa," alisema. "Leo alasiri Baba ananiuliza."

Safari alikizima kioo cha kishikwambi.

"Ni mtu mwema?"

"Ni mwema. Ana duka la vipuri na mama mpole. Shangazi Ghadir ameshachagua hata rangi ya mapazia."

"Basi mimi nitakuzuia kwa haki gani?"

"Sikukuuliza haki. Nakuuliza unataka nini."

Safari alisimama. Alikwenda mpaka kwenye mti wa karibu, akarudi. Aliposema, alisema kwa sauti ya mtu aliyelibeba neno hilo kutoka Lindi.

"Nakutaka wewe. Sikupata kuacha. Lakini siwezi kumtuma mjomba tena aje aondoke na kimya kingine, azunguke nacho nyumba hadi nyumba akikitafsiri. Mzee yule alilia barabarani kwa ajili yangu. Mara hii nataka nisikie sauti yako. Yako mwenyewe, si ya Mzee Marhun, si ya mjomba. Ukisema hapana nitaisikia na nitaishi. Ukisema ndiyo, niambie kwa mdomo ule unaosemea mambo ya paka."

Neno lilikuwa mdomoni mwa Huwaida. Lilikuwa tayari tangu miaka sita. Lakini akamkumbuka baba yake alivyoingia nyuma ya pazia siku ile kumuuliza, akajua hawezi kulisema kichakani, kama kitu cha wizi.

"Neno hilo nitalisema kwanza nyumbani kwa baba yangu, mbele yake," alisema. "Nikishindwa kulisema pale, ujue sistahili kulisema hapa."

"Na nikisubiri?"

"Namba yako ni ipi siku hizi?"

"Ileile," alisema Safari. "Sijabadili laini. Nilikuwa naogopa kupokea, sikuogopa kupigiwa."

"Mtaalamu," Benedikta aliita kutoka kwenye kisiki, na sauti yake ilikuwa na mafua ya ghafla. "Bendera itapanda. Wewe na mimi tunatoka. Huyu anabaki na askari wa upande wa pili kumalizia njia ya bondeni, mpaka mazoezi yaishe."

Walitoka bila kuagana. Huwaida aliangalia nyuma mara moja, akamwona Safari amesimama pale mwisho wa njia, kishikwambi mkononi, na miguuni pake jani linajigeuza na yeye hana habari.

Alasiri ukumbi wa Chumbageni ulinukia udi. Mzee Marhun alikaa kwenye kiti chake chenye mikono, kanzu nyeupe, kofia ya vito imelala vizuri kichwani. Shangazi Ghadir alimkalisha Huwaida mkekani, akamweka sawa mtandio, akaegemea sikioni mwake.

"Inamisha kichwa tu, mwanangu. Usihangaike na maneno. Yatakwisha sasa hivi."

"Huwaida," alisema baba yake. "Hisham ni mtoto wa ndugu yangu. Watu wake wanangoja. Nakuuliza mimi baba yako, umemkubali?"

Ulikuwa ukumbi uleule, pazia lilelile. Huwaida alikiona kimya kile kinamjia tena, kizuri, cha heshima, kinachowaacha wakubwa wamalize mambo yao. Akanyanyua kichwa.

"Hapana, Baba."

Shangazi Ghadir alimfinya. Hakujali.

"Hisham ni ndugu yangu na namheshimu. Lakini simtaki kuwa mume. Na yule aliyekuja mwanzo, Safari, mpwa wa Mzee Uweso, nilimkubali. Mpaka leo namkubali."

Mzee Marhun aliacha kuvuta tasbihi.

"Mara ile nilikuuliza ukanyamaza."

"Nilinyamaza, Baba. Nilinyamaza kama mlivyonifundisha."

Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake, akapotea mtaani. Mzee Marhun alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa, akaivua tena.

"Wewe tangu unatambaa unasema," alisema hatimaye. "Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa anakupa tende upate kunyamaza. Nilipokuuliza nikakuona umeinama, nikasema mtoto wangu anaogopa. Hataki, na anaogopa kusema hataki. Nikaona nikufiche nyuma ya neno langu. Na nisikufiche wewe, nilifurahi kidogo. Sikutaka uende mbali, kwa mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu ndege."

"Kaka, hata leo kazi yake ni hiyo," alisema Shangazi Ghadir. "Tutamwambia nini Hisham? Watu wa Maskati watacheka mpaka Muharramu."

"Na huyu wangu je, kazi yake si hiyohiyo?" alisema Mzee Marhun, bila kumtazama. "Hisham nitamwambia mimi." Kisha akamgeukia binti yake. "Miaka yote hiyo uliniona nimekaa hapa, hukuniuliza."

"Nilidhani wao ndio hawakunitaka."

"Mpigie," alisema mzee. "Mwambie Mzee Uweso aje. Mwambie nitamfungulia mlango mwenyewe."

Huwaida alibonyeza namba aliyokuwa anaijua kwa moyo. Ililia. Ililia mpaka akaanza kuona giza, na palepale ikapokewa.

"Geti," ilisema sauti nzito.

"Afande Benedikta?"

"Ndimi. Hairuhusiwi kupokea simu za raia, lakini nimeiona inacheza sandukuni, na kwenye kioo imeandikwa Chiriku. Nikasema huyu hataachwa alie mpaka achoke. Ndiwe?"

Huwaida aliibana simu sikioni. Chiriku. Kwenye kioo, miaka yote ile.

"Ndimi. Safari yuko wapi?"

"Bado yuko bondeni. Bendera imeshuka sasa hivi, wanakusanya vitu. Nina redio ya upepo hapa. Nimwambie nini?"

Ukumbini baba yake alikuwa anamtazama. Shangazi alikuwa anamtazama. Huwaida hakutoka nje, hakushusha sauti.

"Mwambie nimesema ndiyo. Nimesema mbele ya Baba."

Alisikia kitufe kikibonyezwa, na mkwaruzo, na Benedikta akiitangazia kambi nzima ya jeshi kwa lugha ya kazi: "Bondeni, bondeni, hapa geti. Ujumbe kwa mhesabu ndege. Chiriku amesema ndiyo. Narudia, amesema ndiyo, mbele ya mzee wake. Umepata?"

Redio ikakwaruza. Kwa mbali wanaume walipiga mluzi, mmoja, halafu wengi. Kisha ikaja sauti aliyoijua, ndogo, iliyopasuka katikati.

"Anasema hajasikia vizuri," alisema Benedikta. "Anasema urudie."

"Amesikia," alisema Huwaida, na machozi yalikuwa yanamfika midomoni. "Niwekee redio karibu na simu, afande. Nirudie mwenyewe."